Gia ya Kwanza, Njia Panda ya Kwemtindi

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mikaratusi ya Lushoto, Sharifu alikuwa chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akikinga oili ya giaboksi kwa dumu lililokatwa ubavu. Oili ilitoka nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Hilo ndilo lililomsumbua. Gari linalokataa kupanda gia kwa kawaida huwa na oili nyeusi.

Gari lilikuwa la Kimarekani, la mwaka 1969, milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane na gia otomatiki. Daktari mmoja wa misheni alikufa akaliacha, na Clemence, injinia wa barabara za vijijini, akalinunua kwa mjane. Siku za mapumziko alilisugua kwa fulana zake mwenyewe. Likiwa bado huko sokoni, watu wa gereji walishasikia mngurumo wake na kusema Injinia anakuja.

"Likifika njia panda ya Kwemtindi," Clemence alisema, amechuchumaa, suruali ameipandisha isiguse oili, "linashuka lenyewe mpaka gia ya kwanza. Linatembea kama bibi harusi. Nikikanyaga mafuta linapiga kelele tu."

"Kila siku, bosi?"

"Siku za soko. Siku nyingine linapita kama kawaida."

Sharifu akajaza oili mpya. Leo ilikuwa siku ya soko, wakatoka kulijaribu.

Kwemtindi ni kijiji kilicho chini bondeni, na barabara inapita juu. Wanawake hupandisha kabichi na karoti kichwani kwa njia ya miguu, na wakifika juu huendelea kufuata lami mpaka yanaposimama malori ya mboga. Gari lilipokaribia pale, wanawake kama kumi walikuwa wametangulia kwenye ukingo wa lami. Sharifu alisikia gia ikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, kisha ya kwanza. Injini ikaanza kuhema kama inavuta lori la kokoto. Kule mbele shingo zikanyooka. Mama mmoja akaachia mkono uliokuwa umeshika mzigo, akafunga khanga yake vizuri huku anatembea. Alikuwa Mwanamisi, mama yake Sharifu.

Sharifu akashuka, gari likiendelea kutambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akaunyanyua mfuko wa kabichi kutoka kichwani mwa mama yake. Ulikuwa na uzito wa kofia.

"Umekuwa mwepesi," alisema.

"Ndivyo unavyokuwa likipita gari la Injinia."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku unaniuliza shingo. Mzigo hujaniuliza."

Wanawake wakacheka. Mmoja akamwita Clemence dirishani: "Injinia, twende polepole hivyohivyo, usitukimbie!" Clemence akapunga mkono kwa adabu, uso umemwiva kwa haya.

Waliporudi gereji Sharifu alimwonyesha kopo dogo la chuma lililofungwa ubavuni mwa giaboksi, lenye utando ndani na mpira mwembamba unaoliunganisha na injini.

"Gia otomatiki haina macho, bosi. Inategemea hiki kikopo. Injini ikibeba kitu kizito, upepo wa kwenye mpira unabadilika, kikopo kinausikia, kinaiambia giaboksi ishuke gia. Ikiwa haina mzigo, gia inapanda. Hapa hakuna kilichoharibika. Gari limesikia mzigo."

"Lakini mzigo haumo ndani ya gari."

"Haumo. Uko karibu."

Clemence akafikiri. "Unaweza kulifanya lisisikie?"

"Nikikaza hii skrubu."

Sharifu alishika bisibisi bila kuigeuza. Shingo ya mama yake ilikuwa imeanza kulia kila anapogeuka, mlio mdogo kama bawaba ya mlango, na mganga wa zahanati alishamwambia aache kubeba. Mama alimshukuru mganga, akaenda kubeba. Lakini gari lilikuwa la Clemence, na Clemence alikuwa ameuliza swali la haki. Sharifu akakaza.

Siku ya soko iliyofuata gari lilipita njia panda ya Kwemtindi kwa gia ya tatu, laini, likapanda kuelekea Magamba kama Clemence alivyolitamani tangu alinunue. Mchana huohuo akarudi gereji. Alizima injini akabaki amekaa.

"Limekataa tena?" Sharifu aliuliza.

"Limekwenda vizuri mno." Akagusa kioo cha kutazama nyuma. "Niliwaona humu. Walikuwa wameshanyoosha shingo wakiningoja. Nilipopita, mmoja akakaa chini katikati ya lami." Akashuka garini. "Mama yako ndiye aliyemnyanyua. Legeza hiyo skrubu."

"Nikilegeza tu, bendi za ndani zinazokamata gia zitaungua. Giaboksi hii imezeeka, inateleza inapobadili gia. Haitaweza kubeba kabichi za kijiji kizima. Inabidi tuiimarishe."

Basi la Dar likaleta springi ngumu zaidi, vali mpya na bendi mpya. Sharifu aliishusha giaboksi, akaosha kila kipande kwa petroli, akafunga upya. Sasa gia ilibadilika kwa mpigo mmoja, bila kusitasita, nayo ilipokamata haikuteleza. Akalegeza skrubu. Njia panda ya Kwemtindi gari lilishuka gia mapema kuliko zamani, na mizigo ikawa myepesi kabla wanawake hawajasikia mngurumo. Mwanamisi alitembea mikono mitupu mpaka kwenye malori, akisimulia harusi ya mpwa wake huko Muheza. Tangu hapo Clemence akawa anawasindikiza kila siku ya soko, dirisha wazi, akiitikia salamu.

Barabara ya kushuka Kwemtindi ilishapimwa zamani na vigingi vikapigwa. Sasa Clemence aliisemea ofisini kwa sauti ambayo wenzake hawakuizoea, mpaka mkoani wakatuma wageni waje kuona kama kweli inahitajika. Siku ya ziara gari la ofisi liligoma kuwaka. Clemence, kwa furaha, akawapakia wageni kwenye gari lake.

Wageni waliona wanawake wakipanda lami wakicheka, kabichi zimekaa vichwani kama vilemba. Mmoja wao, mama mpole aliyevaa miwani, akashuka na kumwomba Mwanamisi mzigo, akaupima mkononi.

"Hebu nyie," akawaambia wenzake, "mbona hapa hakuna shida?"

"Shukeni bondeni," Clemence alisema. "Tuache gari hapa, tushuke kwa miguu."

Wageni wakaitazama njia. Mvua ilikuwa imenyesha. Wakatazama viatu vyao, wakasema wameshaelewa. Barabara ikapelekwa kwingine.

Clemence alimweleza Sharifu yote hayo, mkono juu ya boneti. "Ningewaleta kwa pikipiki," alisema.

"Ungewaleta kwa pikipiki, bosi," Sharifu alikubali, akamvutia kiti.

Tangu hapo, kila mkesha wa siku ya soko, Sharifu hulegeza skrubu kidogo sana, kisha huangalia bendi kama zinavumilia. Gari limeanza kusikia mpaka kwenye njia ya miguu, chini ya barabara. Mwanzoni mizigo ilikuwa inapungua uzito kwenye mkaratusi wa juu kabisa. Baadaye ikawa kwenye kona ya pili.

Jumanne hii alimngojea mama yake pale juu, gari likinguruma taratibu kando yake. Mwanamisi alitokeza, mzigo mwepesi, jasho likimtiririka shingoni.

"Shikamoo mama. Leo wepesi umefika wapi?"

"Marahaba. Umefika penye jiwe la kupumzikia."

"Na chini ya jiwe?"

"Chini ya jiwe ni kabichi." Aligeuza shingo amtazame, na ikalia. Akashika kigingi cha barabara kilicho karibu ili apumue. Mtu alikwishapanda maharage pale, yamekizunguka kigingi mpaka juu na kutoa maua. "Bado inageuka hiyo skrubu yako?"

"Bado kidogo."

"Basi legeza," alisema, akashika njia ya lami.