Daku la Paka

Satini, paka wa Alima, alikuwa na uvimbe tumboni, na mama mkwe wake, Habiba, alishawaeleza majirani wote wa mtaa wa Kamalondo uvimbe huo ulikotoka: ni watoto wa Alima, paka kawameza. Miaka ya ndoa inakwenda, tumbo la mke tupu, la paka limejaa. Mwanamke mzima, swala tano, na mdomo kama ule.

Kliniki ya wanyama ilifungwa tangu mwenyewe, Mbelgiji, arudi kwao, kwa hiyo Dokteri Mulenga alikuwa akipasua wanyama majumbani mwa watu. Alimwagiza Alima mbele yetu sote, polepole, kwa sababu Habiba alijifanya hasikii: tangu magharibi paka asionje kitu mpaka apasuliwe kesho yake asubuhi. Akiwa na chakula tumboni atatapika usingizini, na matapishi yatamziba pumzi.

Ilikuwa Ramadhani, lakini Alima alifanya yote, njaa na kiu juu yake. Alisugua meza kwa sabuni, akachemsha mikasi juu ya mbabula, jiko la makaa, akamnyoa Satini tumbo kwa wembe wa mumewe. Paka akililia chakula, naye analia. Mimi, Chileshe, jirani yao, nilikuja asubuhi kushika miguu. Nilimpenda paka yule kuliko watu wengi wa ua ule, nasema wazi.

Sindano ilimlaza. Dokteri hajashika hata kisu, Satini akatapika visamaki vya ndagala, vichwa na mikia, akakoroma, akanyamaza. Dokteri alimgeuza, akamvuta ulimi, akamkandamiza kifua. Wapi.

"Citoyennes," dokteri akatuita wanawake kwa Kifaransa, "nani alimupa kula?"

"Miye," akasema Habiba mlangoni, tasbihi mkononi. "Mwenye kufunga anakula daku mbele ya alfajiri, dokteri. Nilimupa wakati Alima alikuwa anasali. Nilimuhurumia tu."

Akatabasamu. Ningemzaba kofi, Mungu anisamehe.

Nilidhani Alima angeanguka. Hakuanguka. Alimgeukia dokteri.

"Umupasule."

"Alisha kufa, mama."

"Najua. Umupasule. Mama mukwe aone bajukuu yake."

Dokteri alinitazama, nami nikaikaza miguu ya paka. Akakata. Uvimbe ulitoka mzima, mgumu kama kiazi. Alima aliuchukua kwa mikono mitupu, akamfumbua mkwewe kiganja kwa nguvu, akauweka humo juu ya tasbihi.

"Angalia muzuri, mama. Kuko mutoto?"

Habiba aliugeuzageuza bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akaurudisha mezani, akajifuta damu kwenye kitenge cha Alima, pale pale tumboni.

"Hakuna," akasema. "Kumbe haikuwa paka alibameza batoto. Iko weye."