Pumzi ya Nyumba Moja

Mwaka ule wa korona ulinikuta mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimepaka meli rangi, nimeuza viatu vya mitumba, nimelinda mashamba ya watu nisiowahi kuwaona sura. Miguu yangu haijapata kupenda mahali pamoja. Lakini mipaka ilipofungwa, kila mtu akabaki pale alipokuwa, na mimi nilikuwa karibu na hospitali. Wakanipa benchi, pipa la maji lenye koki, na kile kipimajoto cha kumwelekezea mtu kwenye paji la uso kama bastola, wakaniambia nilinde kliniki ya masikio, pua na koo.

Usidhani ni kazi ndogo. Daktari alinieleza siku ya kwanza kwamba ugonjwa ule umejenga nyumba yake puani na kooni, na yeye ndiko anakochungulia kutwa nzima. Wenzake wa mifupa wanaweza kusogea nyuma kidogo, yeye lazima apeleke uso wake mbele ya kinywa kilichoachama. Mgonjwa mmoja akikohoa, chumba kizima kimekoholewa. Kwa hiyo chumba cha kutazamia wakakihamishia mwisho wa baraza, penye madirisha mawili yanayotazamana, yanashinda wazi. Moja liko juu ya benchi langu, nikigeuza shingo naona ndani. Haya ninayosimulia sikuyategea sikio. Dirisha lilinitegea.

Asubuhi moja akaja mwanamke kijana na mtoto wa kike ambaye bado hajang'oa jino la kwanza. Amemshika mkono, na mtoto anakuja nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa asikokujua. Nikawaelekeza kwenye maji, nikawapima joto, nikauliza maswali yangu ya kila siku: nani anakohoa nyumbani, nani amesafiri. Akasema nyumbani ni wao wawili tu. Baba wa mtoto ni dereva wa lori, amezuiwa mpakani anangoja majibu ya vipimo, hajaonja chakula cha nyumbani tangu mwezi uliopita. Mtoto ameingiza kitu puani na hataki kusema ni nini.

Nikamuuliza mtoto jina lake. Akageukia koki ya pipa.

"Baba yake anamwita Bosi," mwanamke akasema.

"Na wewe ndiye mama wa Bosi?"

Akaipandisha barakoa yake, ingawa ilikuwa imekwisha panda. Mtoto akamjibia. "Ni anti." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyegonga mlango usio wake.

Watu humweleza mlinzi mzee mambo ambayo hawamwelezi ndugu, labda kwa sababu hawatamwona tena. Mtoto alipokwenda kuchezea koki ya pipa, mwanamke aliniambia kwamba ameolewa muda mfupi tu kabla ya ugonjwa kuingia. Mama wa mtoto alifariki zamani kidogo. Kisha mume akaondoka na lori, mipaka ikafungwa, na wao wawili wakaachwa ndani kama wasafiri wasiojuana waliopewa blanketi moja. Anafua, anapika, anaosha vitasa, vijiko, wanasesere, kila kitu kwa sabuni na klorini, kama redio inavyosema, na mtoto humwangalia tu, kila anachogusa, kama anayemlinda mwizi.

"Majirani nao wananingoja niteleze," akasema. "Methali za mama wa kambo wameshanipangia mstari. Sasa mzee wangu, huyu akilazwa, akipasuliwa, nitamwambia nini baba yake? Kwamba uliniachia kimoja tu na hicho kimoja sikukiweza?"

Nikamwambia zamu yao imefika.

Daktari wetu ni mrefu, mpole, lakini siku zile, kwa lile gauni na glovu na ngao ya uso, alikuwa kama mtu anayekwenda kulina asali. Alifanikiwa kummulika mtoto tochi mara moja tu. Alipoinua kile kijiti chenye ndoano, Bosi akapiga ukelele, akaingia chini ya meza, akagoma.

Daktari hakumfuata. Alirudi hadi ukutani, akachuchumaa, akaanza kumweleza mwanamke taratibu. Alichoona ni kitu cha mviringo, cha buluu, kinang'aa kama kioo. Ingekuwa betri asingengoja hata dakika, maana betri inaunguza, lakini huu ni ushanga. Angeweza kuuvuta kwa ndoano, ila mtoto akipigana atapiga chafya na kulia, na yote yaliyomo puani yatagawiwa chumba kizima. Tena anaweza kuusukuma nyuma ukadondokea kwenye njia ya hewa. Njia ya pili ni nusukaputi, chumba cha upasuaji. Siku hizi hiyo maana yake ni kumpima kwanza kwa kijiti katika pua hiyohiyo, kungoja majibu, halafu kuingia peke yake, bila mtu wa kumshika mkono.

"Ipo ya tatu," akasema. "Ni ya zamani kuliko mimi. Inaitwa busu la mama."

Akaeleza. Unaziba kwa kidole lile tundu la pua lililo zima. Unaufunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wako, kama unambusu, unapuliza mara moja, kwa nguvu kidogo. Upepo unaingia kinywani, unakosa pa kutokea, unatokea pale penye ushanga na kuutoa nje.

Mwanamke akaishika barakoa yake.

"Daktari, mimi si mama yake."

"Mnalala nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Mnakula pamoja?"

"Akikubali."

"Basi hewa yenu ni moja," daktari akasema. "Mimi na Sista ni wageni kwake, hatuwezi kuvua barakoa mbele yake, wala kumsogelea mdomo kwa mdomo. Leo hospitali nzima hii, mtu anayeruhusiwa kumbusu huyu mtoto ni wewe tu."

Sista, muuguzi wa makamo mwenye sauti ya upawa unaogonga sufuria, akaanza kutayarisha. Alisema mfuko wa njano uko tayari, kitakachotoka kiingie humo moja kwa moja, kiende tanurini kichomwe na taka zote za puani. Ndiyo ilikuwa sheria, na kwa kweli ilituokoa wengi. Lakini aliposema hivyo, mtoto akajifunika pua kwa mikono yote miwili.

Mwanamke akapiga magoti, akavua barakoa, akasogeza uso. Bosi akageuka upande. Akajaribu upande ule, akageuka tena, meno yamebanwa kama mkasi uliopata kutu. Simu ikawa inatetemeka ndani ya mkoba. Alijua ni nani, hakuipokea.

Nakiri niliamini kama majirani wangeamini: mtoto hampendi, basi. Na sauti ya daktari ilikuwa imechoka aliposema wasimlazimishe, akilia atauvuta ndani, bora aandike wapelekwe upasuaji.

"Ngoja kwanza," mwanamke akasema.

Akalala kifudifudi sakafuni, akaingiza kichwa chini ya meza.

"Sakafu hiyo dada, ya hospitali," Sista akaonya.

"Nitajiosha. Kuosha ndiyo kazi yangu, muulize huyu." Kisha akateremsha sauti. Hakuuliza tena ni kitu gani. Aliuliza, "Bosi, ni cha nani?"

Mtoto akauondoa mkono mmoja puani.

"Cha mama."

Ikatoka kidogo kidogo. Bangili ya mama ilikatika, shanga zikapotea, ukabaki mmoja. Ulikuwa unakaa ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, na anti akakitupa kile kikombe. Mtoto aliuokoa ushanga pipani, akauhamisha hapa na pale, lakini kila alipouficha anti alifika na ndoo.

"Unaosha kila kitu," Bosi akasema. "Puani kwangu tu ndiyo huoshi. Na huyu bibi anataka kuuchoma."

Nilimwona mwanamke anavyoinuka. Vumbi la sakafu kifuani, kanga imelegea, uso wa mtu aliyepigwa kofi na kupewa zawadi kwa wakati mmoja. Akamgeukia Sista.

"Dada yangu, hivyo vyuma mnavyoingiza watu puani, mnavichoma?"

"Tuvichome tufanyie nini kazi? Vinaoshwa, vinalowekwa, vinapikwa kwa mvuke."

"Halafu vinarudi kwa watu."

"Vinarudi."

"Basi na huu ulowekwe. Mtaniambia muda, nitangoja hata jua lizame. Lakini tanurini hauendi."

Sista akamtazama daktari. Daktari akafikiri, ngao yake imefanya ukungu.

"Sheria inasema kitu kisitoke humu kikiwa kichafu," akasema. "Haijasema kisitoke."

Basi Sista, kwa manung'uniko ambayo nusu yake yalikuwa kicheko, akatoa kichupa cheupe chenye kifuniko, akamimina dawa, akakiweka ukingoni mwa dirisha, karibu kabisa na kichwa changu, mtoto akione. "Bosi, nyumba ya ushanga wako hii hapa. Ulete mwenyewe."

Mtoto akatoka chini ya meza.

Daktari na Sista wakarudi ukutani, penye upepo wa dirisha la pili. Mwanamke akampakata, akamziba tundu moja, akaweka mdomo, akapuliza. Bosi akacheka, upepo ukatoka pembeni kwa mlio wa aibu, na Sista akajifanya anakohoa.

"Funika vizuri," daktari akasema. "Kama unapuliza moto usiotaka kuwaka."

Akafunika. Akapuliza. Nikasikia sauti ndogo tu, kama punda akipiga chafya kwa mbali, na ushanga ukaruka na ute wake ukamganda mwanamke shavuni. Hakujifuta. Alikaa vilevile, macho amefumba, hadi Sista alipokuja na kibano akauondoa taratibu na kuutumbukiza kwenye kichupa. Ukazama. Ulikuwa wa buluu kweli. Daktari akammulika tena mtoto, matundu yote mawili, kisha masikio, maana anayeficha kimoja anaweza kuficha viwili. Hakukuwa na kingine.

Wakatoka ili chumba kipumue, wakaja benchini kungoja. Mwanamke alinawa hadi viwiko, hadi shingo. Simu ikaita tena. Safari hii aliipokea, akafungua mdomo, hakupata pa kuanzia, akampa mtoto.

"Baba," Bosi akasema, "anti amenipuliza." Akasikiliza. "Hapana. Kama moto." Akairudisha simu, mazungumzo yamekwisha, na kule mpakani najua kuna dereva aliyebaki anaitazama simu yake.

Sista akaleta ushanga umesuuzwa, ndani ya kipande cha shashi. Bosi akaugeuza juani, akaupima kwa jicho moja, kisha akaushindilia kiganjani mwa mwanamke.

"Shika wewe. Mimi sina mfuko. Usiuoshe."

"Siuoshi."

"Na kikombe usitupe tena."

"Tutatafuta kingine. Chenye mkono."

Akamvalisha mtoto barakoa yake ndogo, na kamba ya sikio ikamshinda kidogo. Bosi akangoja imalizike.

"Ile pumzi yako bado imo ndani yangu?"

"Imo kidogo."

Mtoto akalitafakari jambo hilo kama bosi kweli. "Tukifika nyumbani nitakurudishia," akasema, akamshika mkono, akatangulia yeye mbele kuelekea getini.