Nzuri, kwa Maelezo Yake Mwenyewe

Shemeji yangu Ildefonsi alinyimwa haki yake kwa sababu ya neno "nzuri". Na hapa sitanii, ingawa utani ndio somo pekee nililofaulu vizuri miaka yote minne ya sekondari.

Alirudi kutoka vita vya Kagera na kipande cha bomu kwenye nyonga ya kushoto. Kwa miaka kumi na tano kilitulia humo kama mgeni asiyejua kuaga, halafu kikaanza kutembea. Mguu ukawa unakauka. Kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kule mlimani Litumbandyosi, alikuwa anapalilia mahindi akijiburuza kwa makalio. Daktari alimwambia wazi: kikitolewa mwaka huu atatembea, kikiachwa atabebwa. Upasuaji ungegharimiwa na serikali, lakini kwa askari aliyeandikiwa "ulemavu mkubwa" tu. Yeye alikuwa ameandikiwa "mdogo". Zamani tungekwenda hospitali tukatibiwa bure. Siku hizi wanasema tuchangie, na mchango wa kupasuliwa nyonga ni mibuni yote aliyonayo, pamoja na ardhi iliposimama.

Tukakata rufaa. Tulipoonyeshwa jalada ndipo tukajua mchawi ni nani. Kwenye fomu ya uchunguzi kulikuwa na mstari unaosema "Hali ya mguu", na mchunguzi alikuwa amejaza kwa mwandiko mzuri sana: "Nzuri, kwa maelezo yake mwenyewe."

"Shemeji, ulimwambia nini huyu mtu?"

"Alinisalimia. Akasema, habari za mguu, mzee? Nikasema nzuri."

"Nzuri!"

"Sasa wewe, mtu ndiyo kwanza anaingia, hata hajakaa, umwambie mbaya? Nilisema nzuri, ila unaniua. Labda kwenye 'ila' alikuwa anachovya kalamu."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nani hajui tunavyosalimiana? Habari za nyumbani? Nzuri, ila baba tumemzika juzi. Hata mtoto anayenyonya anajua kwamba habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Na mchunguzi hakutoka Ulaya. Alizaliwa na kukulia nchi hii hii, kwao wanasalimiana hivyo hivyo, na kwa mama yake anajibu hivyo hivyo. Alisikia vizuri sana. Akaandika kilichomrahisishia kazi.

Wiki nzima kabla ya rufaa nilimfundisha shemeji kusalimiwa.

"Habari za asubuhi, shemeji?"

"Nzu—"

"Umeshindwa rufaa! Tena. Habari za asubuhi?"

"Urbani, ukiendelea hivi nitakurudishia dada yako na kuku wake."

"Mrudishe, tulishamchoka. Habari za mguu?"

"Mbaya," akasema kwa sauti ndogo, akageuka kuangalia kama kuna jirani aliyesikia. Dada Hilda alicheka mpaka akaacha ugali ukaungua.

Kamati ya rufaa ilikaa Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa ghorofani uliokuwa wa ushirika kabla wanunuzi binafsi hawajaumaliza ushirika wenyewe. Tulipanda lori la mahindi tangu alfajiri. Askari wa zamani walijaa kwenye mabenchi, huyu bila jicho, yule bila vidole. Mbele walikaa watu watatu: mwenyekiti Bwana Makame, aliyekuwa ameshika shavu lililovimba kama andazi; Daktari Walburga; na kapteni mstaafu aitwaye Hamidu. Kila mmoja ana kura moja. Kura mbili zinatosha.

"Habari za safari, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Mbaya," akasema shemeji.

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti akafungua jalada, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwaka jana nzuri, mwaka huu mbaya. Nani amekufundisha kujibu hivyo?"

Shemeji, ambaye uongo haujui, akaniangalia mimi.

"Mwenyekiti," Daktari Walburga akasema, "kwa nini tubishane na karatasi? Mguu huu hapa. Nipeni dakika tano nyuma ya pazia."

"Daktari, rufaa si uchunguzi mpya. Rufaa tunaangalia jalada. Swali liliulizwa? Liliulizwa. Lilijibiwa? Lilijibiwa. Fomu imejazwa sawasawa."

Nyonga ipo hatua tatu mbele yao, inavuja usaha kwenye suruali, nao wanaitafuta kwenye karatasi! Nikasimama bila kuitwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Pole na kazi. Habari za jino?"

"Nzuri," akajibu, mkono bado uko shavuni.

"Karani, andika! Jino la mwenyekiti ni zima, kwa maelezo yake mwenyewe. Asipewe hata kidonge."

Mabenchi yalilipuka. Asiye na vidole alipiga benchi kwa kiganja. Daktari aliinamisha uso. Nami, mjinga, nikainama kidogo kama mwimbaji aliyetunzwa.

Kapteni Hamidu peke yake hakucheka. Alisubiri kelele ziishe.

"Tupige kura," mwenyekiti akasema, amekuwa mwekundu wa macho. "Mimi nakataa."

"Nakubali rufaa," akasema daktari. "Na sababu zangu nitaziandika zote."

Kapteni akainua karatasi yake ili tuione. Ilikuwa imeandikwa tayari: Nakubali.

"Nilikuwepo Kagera," akasema. "Nyonga za namna hii nilizibeba mwenyewe. Lakini jeshini hatumfanyi kamanda kichekesho mbele ya askari. Aliyekuja na mchekeshaji badala ya adabu, nakataa." Akapiga mstari juu ya neno lake, taratibu, kwa rula ya karani.

"Mzee, nimekosa mimi!" nikapiga kelele. "Niadhibuni mimi! Yeye amesema nini?"

"Wewe kijana," mwenyekiti akasema, "haumo kwenye jalada."

Rula! Mguu wa mtu umekatwa kwa rula, kwa sababu watu walicheka. Na kichekesho nilikitengeneza mimi. Mpaka leo sijui nimchukie nani kwanza: aliyeandika, aliyefuta, au aliyesimama kuinamia makofi.

Nje, juu ya ngazi, nilimpa shemeji bega langu. Akalisukuma.

"Shemeji..."

"Leo mimi si shemeji yako wa utani. Kaa mbali."

Akakaa chini, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mbele ya askari wenzake wote na wauza mitumba wa chini. Dada Hilda alimtangulia hatua moja, akaupokea mguu kila uliposhuka.

"Unauma, baba Meshack?"

"Unauma," akasema kwa sauti kubwa, watu wakaacha kuchagua nguo. "Unauma kila siku, Hilda. Unauma tangu siku niliyokuoa."