Doa Jekundu la Feni

Baba mdogo alilileta gari la marehemu baba likiwa limechemsha, mvuke unafuka kwenye boneti kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Miaka miwili hakuwa amekanyaga gereji yangu. Tangu kile kikao cha ukoo alipotamka kwamba baba alikufa akiwa ameshaliua gari lake mwenyewe, na kwamba binti aliyefundwa na fundi wa hivyo hafai kurithi hata tairi. Ukoo ukaitikia. Gari likaenda kwake, jina la baba likaenda na maji.

Sasa Jumamosi binti yake anaolewa, na ndani ya gari hilo kuukuu ndimo bibi harusi atakamopanda. Mafundi watatu walishashindwa. Shangazi alikuja naye.

"Likikimbia linatulia," alisema baba mdogo. "Likienda mwendo wa harusi, linachemka. Uharibifu ule ule wa kaka."

Nilimpa shikamoo yake; adabu sikuiuza. Injini ilipopoa nikamulika tochi nyuma ya rejeta. Baba alikuwa na desturi moja: kila feni aliyoifunga aliitia doa jekundu upande wa mbele. "Doa litazame rejeta," alinifundisha. Leo doa lilitazama injini. Feni ilikuwa imefungwa kinyumenyume, upepo wake hautoshi kupoza kikombe cha chai. Feni hufunguliwa mtu anapobadilisha pampu ya maji iliyo nyuma yake, na pampu hii ilikuwa ngeni kwangu.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini miaka miwili ni mingi.

Nikajaza maji, nikawasha injini. Nikamwambia aketi ndani, afungulie hita hadi mwisho, kwa kuwa hita hunyonya joto la injini. Hilo ni kweli. Nikamwambia apandishe vioo ili nisikie maji yanavyozunguka. Huo ulikuwa uongo, nao ulikuwa mtamu. Jua la saa saba lilikuwa utosini, naye alivaa suti.

Nikamwonyesha shangazi lile doa. Akalitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa rangi yake ya kucha. Baba alimwibia chupa nzima, wakataniana miaka kumi.

Nikagonga kioo. "Baba mdogo, nani alibadilisha pampu ya maji?"

"Baba yako."

"Basi hita iendelee."

Kola yake ililowa, kisha mgongo. Akasema labda ni fundi fulani. Nikasema hita iendelee. Mwishowe akashusha kioo kidogo.

"Ni mimi. Kaka alikuwa amelazwa. Nilipoona linachemsha nikamtupia yeye lawama."

"Sema kwa sauti, shangazi hakusikia."

"Huyu? Huyu husikia hata sisimizi akikohoa."

"Leo nina uziwi," alisema shangazi.

Akarudia, neno kwa neno.

Nikazima injini, ikapoa, nikafungua bolti nne, nikaigeuza feni. Nikamrudisha ndani tupime, hita na vioo vile vile. Nusu saa gari liliunguruma limesimama, mshale wa joto ukaganda katikati. Akashika kitasa atoke.

Shangazi akauegemea mlango kwa nyonga.

"Tulia. Jumamosi ukoo wote utakuwepo, na maneno yale utayasema kabla bibi harusi hajapanda. Hebu anza, nikusikie."

Nikaanza kufuta spana za baba, moja moja, bila haraka. Hita ilikuwa bado inavuma.