Nyumba Namba Kumi

Kabla ya alfajiri kifuniko cha chungu kilianza kugonga taratibu, tik, tik, kama mtu anayedondosha kunde moja moja kwenye ungo. Teodora alifumbua macho, akakigandamiza kwa kiganja, akajua leo ni safari. Alifukia moto wa jiko kwa jivu, akamfunga kuku kwenye mguu wa kitanda, akajifunika blanketi begani. Nyumba yake ikatikisika kidogo, ikatoka kwenye kiwanja namba kumi, ikashika barabara.

Nyumba hiyo ilikuwa lori. Mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni, lori hilo lilihamisha watu wa vilimani na kuwaleta kijiji kipya cha ujamaa, kando ya ziwa, upande wa Magu. Dereva alikuwa Kaijage, Mhaya mpole aliyewapakia vikongwe kwa mikono yake mwenyewe, kama anapanga mayai. Teodora alikuwa abiria wa mwisho. Walifika mvua inanyesha, na kwa kuwa kiwanja chake kilikuwa matope matupu, Kaijage na wanaume wawili walipandisha nyasi za paa lake la zamani juu ya vyuma vya turubai, ili bibi alale pakavu mpaka kuche.

Kulipokucha alikuja karani kutoka wilayani na daftari lake. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, akaihesabu safu ya nyumba mpya akiwa barabarani, chini ya mwavuli. Aliona mapaa tisa ya nyasi, na la kumi kule mwisho likitoa moshi wa uji. Akaandika nyumba kumi. Kwenye fomu ya lori, pale pa kuandika kwamba abiria wa mwisho ameteremshwa, hakuandika kitu, maana hakuona lori.

Tangu siku hiyo Teodora hakuweza kushuka. Hakufungwa na mtu. Ila alipoteremsha mguu, ardhi nayo ilishuka kidogo, kiasi cha kiganja. Alipoteremsha wa pili, ikashuka tena. Wanaume walileta ngazi, ikawa fupi. Wakaunganisha mbili, zikawa fupi. Mwisho wakaacha kuleta ngazi, wakawa wanaleta kuni.

Baada ya wiki mbili Kaijage aliamriwa kung'oa injini na kuipeleka Mwanza, ikafungwe kwenye gari jingine, maana vipuri vilikuwa adimu. Aliifungua siku nzima. Alipoondoka alimwachia Teodora blanketi lake, lile la mistari myekundu, akamwambia kwao Bukoba kuna baridi lakini yeye ameshaizoea. Mvua ilikuwa inanyesha hata siku hiyo, na Teodora alimwona akienda bila cha kujifunika.

Lori halikuonekana kuihitaji injini. Mara moja kwa mwezi lilitoka alfajiri, likarudia njia zake za Operesheni, likarudi jua linapozama.

Safu iliyotimiza nyumba kumi ndiyo iliyopewa bomba la maji, na bomba la safu yao lilikuwa linatoka vizuri. Siku za safari tu ndipo lilipokauka, kwa sababu nyumba zilikuwa tisa. Wanawake walikwisha kulijua hilo, wakawa wanateka ya kutosha jana yake. Hakuna aliyemlalamikia Teodora. Odeta wa nyumba namba nane, mwenye mtoto mchanga, alikuwa hata akimjazia mtungi wa safari, akamnyanyulia kwa fimbo ndefu yenye ndoano.

Sasa, jioni iliyotangulia safari hii, balozi wa nyumba kumi, Maige, alikuja akasimama nyuma ya lori na karatasi mkononi. Alimwamkia, akaitikiwa. Alikuwa ameiomba ile fomu ya lori wilayani kwa miaka miwili. Sasa alikuwa nayo, na ruhusa ya kuijaza.

"Bibi, nikiandika hapa kwamba umeteremshwa, unashuka," alisema. "Unakwenda kwako kilimani hata kesho. Lakini lori litakuwa lori, watalichukua. Tutabaki tisa."

"Na kiwanja? Si mtu ajenge?"

"Daftari linasema kina nyumba tayari. Nimewauliza mara tatu. Wanasema daftari limefungwa."

Teodora alitazama bombani. Odeta alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai, na mtoto alikuwa anapigapiga maji kwa viganja. Kabla ya bomba, watoto wawili wa safu ile walikuwa wamekufa kwa kuhara.

"Weka mfukoni, baba," alisema Teodora. "Isinyeshewe."

Maige aliikunja mara nne. Usiku ule alimletea samaki.

Basi lori lilikwenda. Jua lilichomoza likaukuta mlango wa nyuma uko wazi na Teodora ameketi juu ya kinu chake, anatazama nchi. Waliingia kwenye vilima vya mawe, yale mawe makubwa yaliyopandana kama mizigo iliyosahaulika stendi. Pimbi waliota jua. Ziwa lilionekana, likafichwa na mwamba, likaonekana tena. Lori lilisimama kwenye kila mji lilikowahamisha watu: ua wa minyaa bado umezunguka, ndani hakuna nyumba. Kila mahali lilisimama kwa muda wa kuiva ugali, na Teodora aliwataja wenyewe kwa majina na kuwaambia mahame hali zao. Wa mji huu wamepata mjukuu. Wa ule, mzee wao anakohoa.

Lilifika mwisho kilima cha Nyamhanda, likasimama. Mbele ya hapo hapakuwa na safari, kwa kuwa lori lilirudia zile tu zilizokamilika. Safari ya Teodora ilikuwa haijakamilika. Kilima chake, Igunda, kilionekana ng'ambo ya mbuga, kidogo, cha bluu. Hapo ndipo alipolazwa mume wake Mhoja, kando ya zizi.

Justa, mama mmoja jirani yake wa zamani, alikuwa juu ya mwamba, anangoja. Siku ya Operesheni alikuwa amejificha mapangoni, na kwa kuwa hakuandikwa popote, hakuna aliyerudi kumtafuta. Alichagua mwamba ule kwa sababu ulilingana na bodi ya lori, wakaweza kutazamana usoni na kuamkiana Kisukuma.

"Wangaluka, Teodora. Mwenzangu una gari, mimi nina miguu. Nani tajiri?"

"Wangaluka, mayu. Wewe. Gari langu halifiki kwangu."

Walicheka kidogo. Teodora akampa chumvi na nusu ya samaki wa Maige. Kisha akatoa kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa na maji, wa kumwagia kaburini. Justa alikipokea kwa mikono miwili.

"Nilikwenda juzi," alisema. "Nimefagia. Nyasi zilikuwa zimeota upande wa kichwani."

"Alisema nini?"

"Hakusema mengi, unamjua mwenyewe. Aliuliza kama umekula."

Teodora alitazama Igunda. Akamweleza Justa habari ya karatasi, na kwamba iko mfukoni kwa balozi, kavu. Justa hakumwambia amefanya vema wala vibaya. Alinyoosha mkono, akamtengenezea blanketi begani pale lilipoteleza.

Kifuniko cha chungu kikaanza kugonga. Lori likageuka polepole kwenye mawe. Kijijini wanawake walikuwa wameshapanga ndoo zao bombani, wanangoja.

Justa alibaki amesimama na kile kibuyu kifuani, anazidi kuwa mdogo.

"Nitamwambia umekula," alisema. "Lakini uje tena, Teodora. Mwezi ujao uje tena."