Sauti Chini ya Picha Yangu

Picha ukutani ilikuwa yangu: mimi na sare yangu ya kwaya, nimeshika tawi la mbuni. Sauti iliyoisindikiza haikuwa yangu.

Mwalimu Violet, aliyefundisha Kiingereza kidato cha pili shuleni kwa binti yangu hapa Tengeru, alikuwa amechoka kuona kitabu kikiwalaza wanafunzi usingizi. Akawaagiza kila mmoja amrekodi mzazi akisimulia kazi yake kwa Kiswahili, ampige picha, kisha ayaandike maneno yale kwa Kiingereza na kuyasoma mbele ya watu. Jicho lione, sikio lisikie, ndipo ulimi usome. Brightness wangu akanirekodi jikoni. Nilisimulia tunavyochuma kahawa na kuianika, nikanogewa mpaka uji ukafurika.

Siku ya wazazi sikwenda kimya kimya. Nilishawatangazia wanakwaya wenzangu, wakaja wakajaza benchi zima.

Mwalimu akabonyeza kitufe. Kahawa yangu ikasimuliwa neno kwa neno, kwa Kiswahili laini cha Mwanahalima, mzaliwa wa Tanga, mama wa Salwa, yule rafiki wa binti yangu. Changu, chenye uzito wa Kimeru, kile wanachokiiga wauzaji sokoni wakicheka, hakikuwemo; nikaelewa kwamba Brightness alimwomba mama huyo ayarekodi upya maneno yangu. Brightness akasimama, akasoma Kiingereza chake bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Hakunitazama.

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Ingekuwa hasira, ingekuwa nafuu. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, lakini mtumwa ningemwitaje mtoto niliyemzaa mwenyewe?

Prisca, katibu wetu wa kwaya, akanigeukia. "Mama Brightness, hiyo ni sauti yako kweli?"

Binti yangu alikuwa karibu, anasikia.

"Ni mimi," nikasema. "Siku ile nilikuwa na mafua."

Njiani Brightness alinibebea mkoba, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Tulipofika nikapika, tukala.

Sasa yuko chuo, Morogoro. Hunitumia ujumbe wa sauti, nami humjibu kwa kuandika. Juzi akaniomba: "Mama, na wewe uwe unarekodi basi. Nimeimisi sauti yako."

Nikasafisha koo, nikarekodi salamu ndefu. Nikajisikiliza. Kisha nikaifuta, nikamwandikia kwamba nina mafua.