Mpira wa Mlango wa Mbele

Saa mbili asubuhi, mama mtunza ghala la vipuri alikuta maji yanatiririka kutoka rafu ya saba, penye mpira mpya wa kuziba mlango wa mbele wa meli ya jeshi ya kubebea vifaru. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Akapiga deki, akaketi kunywa chai.

Asili yake aliijua, asitufiche. Kwa mujibu wa daftari la matengenezo mpira ule ulikwishafungwa melini tangu Jumatatu, na saini ilikuwa yake mwenyewe. Pale karakana walikuwa na mtindo wao: saini kwanza, spana baadaye. Safari hii spana haikufuata. Meli ikaondoka na mpira wa zamani uliopasuka, ikiwa na vifaru sita na mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, fundi wa pampu, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki.

Basi mpira mpya ukafanya kazi palepale ulipokuwa. Maji yaliyotaka kuingia melini yakaingia ghalani.

Kufika saa nne yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Akawa anachota kwa ndoo na kumwaga dirishani. Alipotua ndoo anyooshe mgongo, redio ya karakana ikakoroma: mdogo wake anaripoti kwamba sakafu ya vifaru imeanza kulowa. Akaikamata ndoo tena, akachota mbiombio. Punde redio ikasema pamekauka. Tangu hapo hakuthubutu kupumzika.

Mkuu wa karakana alipoingia alivua viatu, akakunja suruali, akauliza kama vichujio vya mafuta vya rafu ya chini vimelowa. Mama wa watu akamsihi airudishe meli.

"Niirudishe kwa lipi? Kitabu kinasema mpira mzima."

"Afande, mdogo wangu yumo."

"Ndiyo maana nakuamini," alisema Mkuu, akatoka na viatu vyake mkononi.

Alichota siku tatu. Mumewe alimletea chakula, akampokea ndoo ale.

Meli ikarudi. Mdogo mtu akaja ghalani akicheka, akamtania dada yake kwamba amekonda kana kwamba aliyekuwa baharini ni yeye. Dada akamwonyesha rafu ya saba, akamwambia yote, hata habari ya saini. Kicheko kikamkauka. Akachukua spana, akaubeba mpira begani aende akaufunge, lakini Mkuu akamzuia mlangoni. Mpira uliokwisha kufungwa haufungwi mara ya pili, alisema, labda mnataka kukiumbua kitabu. Akaurudisha rafuni kwa mikono yake, akaandika kwenye historia ya meli: Mpira mpya, safari ya kwanza, hauvuji.

Kisha akatangaza kwamba meli inaondoka tena adhuhuri, kwa safari ya wiki mbili, na mafundi ni walewale.

"Dada," mdogo wake alimwambia kwa sauti ya chini, "usilale."

Ndoo ilikuwa imetoboka kitako. Akaomba nyingine. Mkuu akamsukumia fomu: asaini kwamba ameipokea, italetwa baadaye. Akasaini.

Meli ikapiga honi. Maji yalipoanza kutiririka kutoka rafu ya saba, alimwaga chai iliyobaki, akaanza kuchota kwa kikombe.